Muulizeni Mwenyewe

Jumanne, 8 Machi 2022

Kati ya Mto Nile na bahari hakuna mwanaume mwenye damu kali kama mimi, Atwa wa Gharib, mkamua miwa wa Kafri Shalabi. Wapo watu mtaani kwetu wameoa miaka nenda rudi, wanazunguka kwa madaktari na kwenye makaburi ya mawalii. Mimi nilivua viatu tu siku ya harusi — Sabrin akaanza kutapika. Nimemwambia Bulbul kinyozi kwamba hata nikimpa mkono mke wa mtu, lazima akapime. Bulbul akasema basi nisimsalimie mama yake, ana miaka sabini na mgongo haumruhusu kulea.

Tumbo sasa limeingia mwezi wa tisa. Sabrin akija mlangoni linaingia kwanza lenyewe, yeye anafuata baadaye. Mtoto anapiga mateke hadi glasi ya chai iliyowekwa juu inacheza. Wa kiume, hilo halina mjadala. Nimeshanunua birika la sherehe ya siku ya saba. Birika, si mtungi. Mtungi ni wa wasichana. Nikamwambia fundi alichore masharubu kabisa, mtu asije akauliza.

Sabrin aliligeuza geuza. Akasema masharubu yakifanana na yangu wageni watadhani birika lina ukurutu. Huyu mwanamke ana ulimi. Ndio maana nilimtaka.

Alhamisi, 10 Machi

Leo kliniki ya Daktari Usama mjini. Kiyoyozi, televisheni ukutani, samaki wekundu ndani ya sanduku la kioo. Niliichagua mimi. Watu wenye jina lao wote wanazalia pale.

Daktari akampaka Sabrin mafuta tumboni, akatazama picha. Akasema mtoto mnene, nyonga nyembamba, ya nini kujitesa, tumpasue Jumanne ya tarehe ishirini na mbili. Baada ya hapo yeye anakwenda Umra kabla Ramadhani haijaingia. Alisema yote hayo akinitazama mimi. Nikasema sawa daktari, ni heshima kwetu. Nikamuuliza kama mshono utakuwa ule wa urembo. Akasema nisiwe na wasiwasi, hautaonekana. Tukapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Nimerudi nimewatangazia wote. Nikamwambia Bulbul: mke wangu anazalia kwenye kiyoyozi, wako alizalia juu ya mkokoteni wa punda. Akasema mkokoteni ulikuwa na hewa safi zaidi.

Sabrin hakusema neno njia nzima. Alikaa nyuma kwenye guta langu la kubebea miwa, juu ya godoro nililomtandikia. Nilidhani amechoka.

Ijumaa, 11 Machi

Hakuwa amechoka.

Amesema leo, akikata vitunguu, kwa hiyo hata sijui kama alilia au la. Alianza kwa mbali.

"Atwa, ukienda kununua viatu, muuzaji anamuuliza nani saizi ya mguu?"

"Mimi."

"Na akikuvisha kidogo, nani anayesema kinabana?"

"Mimi."

"Basi jana mbona mlipanga kunipasua, wewe na yule mwanaume, na mimi nimelala pale katikati kama bata wa sikukuu?"

Nikasema kliniki ina samaki wazuri. Alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akaniambia habari za dada yake Rabab wa Mansura. Rabab kapasuliwa mara mbili. Kila mara tarehe ilipangwa na daktari na shemeji, chai mkononi. Alipotaka kujaribu kuzaa mwenyewe mtoto wa pili akaambiwa haiwezekani, umeshapasuliwa. Sasa ameambiwa wa tatu ndiye wa mwisho. Na Rabab anapenda watoto kama mimi ninavyopenda njiwa.

"Ikibidi kisu, nitapasuliwa," Sabrin alisema. "Mimi si mjinga. Lakini nielezwe mimi, niulizwe mimi, nijibu mimi. Tumbo hili nimelibeba mwenyewe hata kwenye ngazi za kwenu."

Nikasema tutaona. Nikapanda juu ya paa kuwalisha njiwa. Njiwa hawaulizi maswali.

Jumapili, 13 Machi

Mama kajua. Sijui nani kamwambia, nadhani ni mimi.

Mama alizaa saba, wote nyumbani, mkunga mmoja na sufuria ya maji ya moto. Ungetegemea amuunge mkono Sabrin. Wapi! Amekuja juu kama maziwa kwenye moto.

"Mke wa mwanangu akazae hospitali ya serikali na paka wanapita chini ya vitanda? Binti za Abu Shusha wote wamepasuliwa kwenye kliniki. Unataka waseme Atwa hana uwezo?"

Sabrin akamwambia taratibu, "Mama, wewe saba wote ulisukuma."

"Ndiyo. Na ndio maana," Mama akasema. Akatoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati nikila jibini. Sikula vizuri.

Jumatano, 16 Machi

Tumekwenda hospitali ya serikali, kuangalia tu. Hakuna kiyoyozi. Paka kweli wapo. Viti vimevunjika, tukasimama.

Daktari ni mwanamke, anaitwa Maryan, mfupi, ana miwani na msalaba mdogo uliochorwa kwenye kifundo cha mkono. Alimuuliza Sabrin anajisikiaje. Nikajibu mimi kwamba yuko salama. Akamuuliza Sabrin kama mtoto anacheza. Nikajibu anacheza sana. Akamuuliza kama amekuwa akilala. Nikafungua mdomo — akanigeukia.

"Bwana, na wewe una mimba ya miezi mingapi?"

Wanawake wote mle chumbani walicheka. Mmoja aliniuliza kama nina hamu ya udongo. Nimekaa kimya baada ya hapo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Alimpima kwa mikono, akatazama picha. Akasema kichwa kiko chini, mtoto si mnene kama tulivyoambiwa, na nyonga haijulikani kwa kutazamwa, inajulikana siku yenyewe. Akasema anaweza kujaribu. Kukitokea jambo watampasua, na atakayeambiwa kwanza ni yeye. Sabrin akauliza maswali mengi. Mengine mimi sikuyaelewa, mengine nilitamani niwe nje. Akauliza kama mama mkwe anaweza kuwa naye ndani, kwa sababu mama yake mzazi amekufa. Daktari Maryan akasema kama hapigi kelele, aje.

Sabrin alitoka pale akitembea kama amechaguliwa bungeni. Tukanunua sandwichi za bajia za maharage. Alikula yake na yangu. Nikamwambia sawa, hapa. Akasema hakuwa ananiuliza.

Jumatatu, 21 Machi

Siku ya Akina Mama. Nimemnunulia Mama sufuria mpya zenye vifuniko vya kioo, ili apoe. Hakupoa. Aliuliza kesho tunaondoka saa ngapi kwenda kliniki.

Nilishatamba mtaani kwamba nitamkabili Daktari Usama ana kwa ana, nimwambie kiume. Nilichofanya ni hiki: nilipiga simu, nikaongea na karani wake kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi. Nikasema mimi ni mjomba wa Atwa, familia imesafiri kwenda Aswan. Karani akasema Mungu awafikishe salama.

Nikamwambia Mama hatuendi kliniki. Alinuna kutwa nzima. Hakumsemesha mtu, hata bata. Alipomaliza kukamua maziwa alikuja akasimama mbele ya Sabrin.

"Kama ni kusukuma, hutasukuma na mifupa mitupu. Kula."

Akamwekea yai, samli na asali. Baadaye nikamwona amesimama juu ya paa mbele ya banda la njiwa wangu, amekunja mikono, anawatazama mmoja mmoja. Mwanamke anapotazama njiwa namna ile anawaza supu.

Jumanne, 22 Machi

Leo ndiyo siku mwanangu alipangiwa kuzaliwa. Hakuja. Hapangiwi. Damu yangu hiyo.

Ijumaa, 25 Machi

Yaliyotokea leo naandika yote, hata kama mkono utakatika.

Uchungu ulianza jua likichomoza. Sabrin alikuwa anakanda unga. Aliinama, akashika ukingo wa beseni, akasema "Mama," na Mama yangu — sio mimi — akaja mbio na kiatu kimoja. Nikawasha guta. Godoro, Mama, Sabrin, mfuko wa nguo, na Bulbul akarukia nyuma na wembe wake mfukoni, alikuwa katikati ya kumnyoa mtu. Aliyekuwa akinyolewa alitufuata kwa miguu hadi kwenye mfereji na povu usoni, anadai shavu lake la pili.

Nilivyoendesha leo, hata marubani hawawezi. Kila shimo nililikwepa, ila matatu. Kwa hayo matatu Sabrin alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Mama akamuunga mkono.

Hospitali, wanaume wote tunakaa kwenye ukumbi mrefu nje ya chumba cha kujifungulia. Kila mmoja amebeba pipi zake za lozi za kumtunza nesi atakayeleta habari njema. Mlango unafunguka, wote tunasimama. Jina linatajwa, mmoja anaruka, wengine tunakaa. Nilikuwa na mfuko mkubwa kuliko wote. Nilihakikisha.

Asubuhi ikapita. Tukaswali Ijumaa pale pale ukumbini, na imamu akiwa baba mmoja mwenye mapacha. Wale waliokuja baada yangu walishaondoka na vichanga vyao. Ndani nilisikia sauti ya Sabrin, mara karibu, mara mbali. Bulbul alikuwa ameacha mizaha, nikajua mambo si mazuri.

Mlango ukafunguka. Nesi mrefu, kalamu nyuma ya sikio.

"Mume wa Sabrin? Amechelewa. Daktari wa zamu anasema tumpasue tumalize. Unakubali?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mzee mmoja akasema, kubali mwanangu, utoke hapa na watu wako. Mwingine akasema wangu nilikubali dakika ile ile. Nilikuwa nimeogopa, hilo naliandika hapa tu. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Halafu nikamkumbuka Sabrin na kile kisu cha vitunguu.

"Yuko macho?" nikauliza.

"Yuko macho, anatukana."

"Mtoto je, moyo wake?"

"Moyo uko sawa."

"Basi muulizeni mwenyewe."

Nesi akanitazama. "Wewe si ndiye mume?"

"Ndimi. Lakini tumbo langu lina maharage tu. Muulizeni mwenyewe. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Na mwiteni Daktari Maryan."

Mzee akatikisa kichwa, akasema vijana wa leo wameoa wakubwa zao. Nesi akarudi ndani. Nikasimama pale nimeshika ukuta.

Mama ndiye aliyenisimulia baadaye. Nesi alimuuliza. Sabrin akauliza kuna hatari gani kwa mtoto kwa sasa. Daktari Maryan akaja na kofia yake ya plastiki, akampima, akamweleza: mtoto yuko vizuri, wewe ndiye umechoka, tunaweza kungoja kidogo, nitakaa hapa, nikisema sasa basi utaniamini? Sabrin akasema atamwamini. Akaomba ashuke kitandani. Akatembea, amemwegemea Mama, wanazunguka chumba kama wanatufu Kaaba. Mama akawa anamsimulia jinsi mimi nilivyotoka matako mbele. Sabrin alicheka, na katika kucheka kule, Mama anasema, mtoto akashuka.

Alasiri tukasikia kilio. Kikafuatwa na vigelegele vya Mama, ambavyo viliizima adhana. Msikitini wamesikia, nina uhakika. Mansura wamesikia.

Msichana.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Ana vidole?" Nesi akasema anavyo vyote. Nikaanza kulia, nikamkumbatia Bulbul, Bulbul akalia na wembe mfukoni. Nikamwaga pipi ukumbi mzima. Nikampa mzee, nikawapa manesi, nikampa mfagiaji, nikamrushia paka. Kila aliyepita nilimkumbatia.

Waliponiruhusu kuingia, Sabrin alikuwa mweupe kama chokaa, nywele zimemganda usoni, na kifuani ana kitu chekundu kilichokunjamana kinachopiga miayo. Hakusema habari. Alisema, "Nimesikia ulichowaambia."

Basi. Hilo tu. Sina haja ya medali nyingine duniani.

Jumamosi, 26 Machi

Tuko nyumbani. Mtaa mzima umekuja kuona masharubu ya birika.

Bulbul amesema binti yangu ana bahati, atakuwa wa kwanza Kafri Shalabi kunyolewa masharubu akiwa na siku saba. Nimelipeleka birika kwa fundi kubadilisha na mtungi. Fundi akakataa kulichukua, kwani nani atalinunua na sura ile. Nikanunua na mtungi, sasa nina vyote viwili. Nimewaambia birika litamngoja mdogo wa binti yangu. Sabrin, kitandani, akasema nilipeleke birika likazae lenyewe, yeye anapumzika. Mama akacheka hadi akakaa chini.

Supu imepikwa. Nilipanda juu ya paa, banda la kaskazini lina nafasi. Mama kamchukua Basha, yule mweupe mwenye manyoya miguuni, bingwa wangu, aliyewahi kuniletea jike la mtu kutoka kijiji cha tatu. Nilikwenda jikoni kugomba. Nikamkuta Sabrin anakunywa ule mchuzi kwa macho yaliyofumba, rangi inamrudi mashavuni. Nikakaa karibu naye. Akanipa bawa.

Basha alikuwa mtamu. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 31 Machi

Siku ya saba! Nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Rabab amekuja kutoka Mansura na watoto wake. Mama alipika mughati, kinywaji kizito cha mzazi, tangu alfajiri — samli, mizizi, karanga, ufuta — harufu imefika barabarani na watu wasioalikwa wakaalikwa.

Jina limechaguliwa kwa mishumaa, kama kawaida yetu. Mama aliwasha wake na jina la marehemu bibi, Fakiha. Mimi nilitaka Malika. Sabrin wake aliuita Nawara. Utakaokaa muda mrefu ndio jina. Nilikuwa nimenunua mshumaa mnene kama mguu wa meza. Ukazimika wa kwanza, utambi mbovu. Rabab alinicheka mpaka maziwa ya mtoto wake yakamwagika. Nawara ukawaka hadi tukachoka kuungoja. Basi ni Nawara bint Atwa, na jina nalipenda, ila sitamwambia mtu.

Wakamweka kwenye chekeche, wakamtikisa taratibu. Mama akachukua kinu cha shaba, akagonga karibu na sikio lake.

"Msikilize bibi yako. Usimsikilize baba yako. Baba yako akisema lolote, kalale."

Wanawake wakaongeza yao. Msikilize mama yako. Usiolewe na kinyozi. Bulbul akapinga, hakusikilizwa. Sabrin akamruka yule mtoto mara saba kama inavyotakiwa, kanzu ya kijani, wanja machoni, chumvi inarushwa pande zote, nyingine ikaingia kwenye chai yangu.

Halafu Rabab akaniita mbele ya wote. Akasema, "Shemeji, ni kweli uliyasema yale hospitali?" Nikasema yapi, najifanya. Sabrin akayasimulia yeye mwenyewe, kwa sauti yangu, na jinsi ninavyosimama. Halafu vigelegele. Rabab alifuta macho kwa ncha ya shela. Akasema yeye kapasuliwa mara mbili na hakuna aliyewaambia madaktari hivyo.

Na Sabrin akanitazama. Mimi nimetazamwa na wanawake wengi, sina uongo, barabarani wengine wamegonga nguzo. Lakini kutazamwa hivyo, ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa lile jibu langu ni wimbo wa mtaa. Mke wa Bulbul akiulizwa na mumewe chakula kiko wapi, anamwambia amuulize sufuria mwenyewe. Bulbul amesema nimemharibia ndoa.

Jumamosi, 2 Aprili

Ramadhani imeingia. Taa za karatasi zimetundikwa kutoka kwangu hadi kwa Bulbul. Kabla ya magharibi foleni ya juisi ya miwa ilifika msikitini, nimekamua mpaka mikono inanuka sukari. Sabrin hafungi, ananyonyesha. Anakaa dirishani na Nawara, anakula chungwa taratibu, ananionyesha kila kipande kabla ya kukimeza. Nitamlipa siku ya Idi.

Analalamika kidogo tumbo la chini linamvuta. Mama anasema ni kizazi kinarudi mahali pake.

Jumatatu, 4 Aprili

Sabrin alikwenda kituo cha afya cha hapa kijijini kumpima Nawara uzito. Ameongezeka vizuri, shingo haionekani.

Alikuwa amepanga kuuliza na lake. Alishaniambia jana: hataki mtoto wa pili haraka, anataka kusikiliza njia zote kisha achague yeye. Labda vidonge, labda sindano. Kitanzi hakitaki, Rabab kilimtoa damu, lakini hata hicho alisema atakisikiliza. Alikwenda na kanzu yake ya kijani, kama mtu anayekwenda sokoni na hela yake mwenyewe.

Alirudi mapema. Akakaa kitandani, akamweka Nawara kwenye titi. Nilikuwa natafuta kamba ya guta.

"Atwa," akasema. "Yule dada wa kituo amenipima kwa sababu ya maumivu. Nina kitanzi."

"Kitanzi gani?"

"Kitanzi. Ndani. Wameniwekea pale hospitali, baada ya kujifungua. Nilidhani bado wanasafisha."

Hakupaza sauti. Alikuwa anampapasa mtoto kisogoni. Akasema dada wa kituo amemwambia akitaka kitatolewa, si kazi kubwa. Amemjibu kwanza anataka kujua. Hospitali haiwekei mtu bila mtu kusema ndiyo. Yeye hakuulizwa. Kwa hiyo kuna aliyeulizwa.

Nikasema hospitali za serikali ndivyo zilivyo, pengine walichanganya wanawake. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mama aliingia akiwa na nyanya mikononi, akasikia, akaziangusha. Akasema hawana haya wale, hawana haya hata chembe. Akaapa yeye alikuwa amekwenda kumwogesha mtoto wakati huo, angekuwepo wangemjua.

Sabrin akanigeukia. Akatabasamu kidogo, amechoka.

"Kesho utanipeleka. Yule nesi mrefu anaingia asubuhi. Nataka aniambie uso kwa uso ni nani alinisemea. Na wewe uje na huo mdomo wako wote, Atwa. Siku zote unaupoteza kwa Bulbul. Kesho ninauhitaji."

Nikasema utakuja.

Jumanne, 5 Aprili

Nimeamka kwa daku, sikula. Maji tu.

Katika yote niliyoandika ile Ijumaa, kuna moja sikuliandika. Sikulificha. Halikuonekana jambo.

Ilikuwa baada ya vigelegele. Nimesimama katikati ya ukumbi, nagawa pipi, watu wananipiga mabegani, hata yule mzee. Bulbul anamsimulia kila anayeingia jinsi nilivyomjibu nesi. Mlango ukafunguka tena, nesi yule yule mrefu, ana haraka, mlango ameushikilia kwa mguu.

"Baba Nanihii, tumwekee kitanzi sasa hivi, kabla hajashuka? Wengi wanaweka. Apumzike."

Nilielewa alichosema. Nilijua kitanzi ni nini. Nikawaza, Sabrin hajamaliza kulia kwa uchungu, hatataka wa pili kesho. Nikawaza pia kwamba wanaume wote wale wananitazama, na hakuna mmoja wao ambaye angekubali, wangesema nenda zako dada, tunataka wa kiume. Mimi niwe tofauti. Mimi wa kisasa.

Nikasema wekeni, wekeni, mpeni kila kitu. Nikamjazia pipi kwenye mfuko wa koti lake. Akacheka. Mlango ukafungwa. Sabrin alikuwa hatua chache tu ndani, yuko macho, anaongea. Ningeweza kusema lile neno moja. Nilikuwa nimelisema saa chache tu nyuma.

Pengine angekubali. Nimejiambia hivyo usiku kucha. Ningemuuliza ningejua.

Guta limewashwa, linanguruma chini. Nawatazama kutoka dirishani. Amekaa juu ya godoro, Nawara kifuani amefungwa kwa shela, Mama pembeni yake amevaa nguo za msibani kwa ajili ya kugombana. Mke wa Bulbul naye amepanda. Sabrin amepaka wanja. Ananiita, ananicheka, anauliza bwana harusi anajipamba nini muda wote huo.

Anadhani namletea mdomo wangu tukamkabili huyo mtu.

Aliyesema ndiyo ni mimi.